Usilishushe Gari la Zamani Kabla ya Kulipima

Kila nikikata kona ya Kuruwitu na Datsun 240Z yangu, vijana huniuliza: "Mzee, mbona hujalishusha?" Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo sababu naliandika hapa.

Nililinunua likiwa limeshushwa. Aliyekuwa nalo alikata springi ili lipendeze. Siku moja nikitoka Mombasa, karibu na Vipingo, gurudumu la mbele likaingia shimoni na usukani ukanivuta kushoto, walikokuwa wakipita watoto wa shule. Nilisimama hatua mbili tu kutoka walipokuwa. Nilipotazama tairi, upande wa ndani ulikuwa umelika hadi nyuzi, wa nje bado mpya.

Gari hili lina jina hapa kwetu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini barabara za vumbi na mashimo zataka gari lililoinuka. Springi ikikatwa, mkono wa chini hubadili mlalo, gurudumu huinamia ndani kwa juu, na tairodi hulisukuma au kulivuta kila likipanda na kushuka.

Basi nikatia springi nzima, kisha nikapima upya nyumbani.

Anza na bushi na bolijointi. Zikiwa zinacheza, hakuna kipimo kitakachokaa. Jaza tairi upepo sawa. Sakafu ipime kwa mpira wa maji kama wafanyavyo waashi, na palipo chini weka vipande vya ubao.

Kimo hutangulia, kwa sababu kikibadilika vyote hubadilika. Weka gunia la mchanga la uzito wako kwenye kiti cha dereva. Lisukume gari mbele na nyuma ili springi zitulie. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi; kushoto na kulia visipishane zaidi ya milimita 5.

Pili, mwinamo. Jirani yangu mvuvi alinipa mshipi na chubwi. Ning'iniza chubwi kando ya gurudumu, upime nafasi hadi ukingo wa rimu juu na chini. Kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 ni kama digrii 1. Gari hili halikutoka kiwandani na bolti ya kurekebisha mwinamo, kwa hiyo upande mmoja ukizidi mwingine sana, tafuta mkono uliopinda.

Mwisho, mwelekeo. Nyoosha mshipi kila upande wa gari, mmoja sambamba na mwingine, na usukani uwe katikati. Pima kutoka mshipini hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha wa nyuma. Wa mbele uwe mbali zaidi kwa milimita 1 au 2, yaani magurudumu yatazamane kidogo. Zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kimoja, lisukume gari, upime tena.

Ilinichukua siku nzima. Sasa tairi zinalika sawasawa, na mashimo ya Vipingo hayaninyang'anyi usukani tena.

Vijana wangu, mkiona tairi linalika upande mmoja, msikimbilie kununua jipya. Pimeni kwanza. Barabara hii ina watoto.