CHOMBO CHA MITUMBWI MIWILI: KUKIUNDA NA KUKIMILIKI

Wanachama wenzetu,

Kila msimu wa karafuu ukimalizika, huja ofisini wanachama wenye nia ya kuunda chombo cha tanga. Safari hii wapo waliotuuliza habari za katamarani, yaani chombo cha mitumbwi miwili, kwamba mtu aweza kukiunda mwenyewe uwani kwake. Twaona yafaa tuwaeleze nyote, kwani fedha za mavuno huja mara moja na kuondoka upesi.

Chombo hiki ni mitumbwi miwili myembamba iliyo sawa, iliyounganishwa kwa boriti. Hakihitaji farumi, upana wake ndio ukizuiao kisipinduke. Ngalawa zetu zafuata akili iyo hiyo, ila ngalawa ina mtumbwi mmoja na matengo mawili ubavuni. Watu wa visiwa vya Pasifiki walisafiri mbali kwa mitumbwi miwili kabla mabaharia wa Ulaya hawajafika kwao.

Katika zama zetu aliyesifika kwa kazi hii ni James Wharram wa Manchester, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1928. Mwaka 1954 aliunda Tangaroa, chombo cha futi 23 na nusu, kwa pauni 200 hivi. Mwaka 1955 aliondoka kwao pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani, wakavuka Atlantiki mpaka Trinidad. Huko wakaunda Rongo, chenye futi 40, na mwaka 1959 wakarudi nacho Ulaya kwa njia ya New York. Baadaye aliwauzia michoro maelfu ya watu wa kawaida, naye akafariki mwaka 2021. Katika michoro yake mingi ya baadaye boriti hufungwa kwa kamba, si kwa bolti, ili wimbi likipiga chombo kinyumbuke kidogo na mbao zisipasuke. Mjuzi wa ngalawa hatastaajabu.

Basi na tutazame upande wa pili. Kwanza, mitumbwi myembamba haifai kwa shehena nzito; ukiijaza huzama chini na mbio zake hupotea. Magunia ni kazi ya mashua. Pili, kikipinduka baharini hakijiinui, kwa hiyo tanga lipunguzwe mapema upepo uzidipo. Tatu, plaiwudi huoza maji yakipenya kwenye ncha zake, na bahari yetu ina mdudu atobowaye mbao. Hapana budi chombo kipandishwe pwani wakati wa bamvua, kikwanguliwe, kikauke, kipakwe rangi upya, tena kila mwaka. Nne, mbao si gharama yote. Kuna tanga, kamba, nanga, maboya ya kujiokolea na uandikishaji. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Shauri letu ni hili: fedha zigawanywe mafungu matatu, la kuundia, la vifaa, na la matengenezo. Asiye na fungu la tatu asianze. Wala mtu asiweke rehani mikarafuu yake kwa ajili ya chombo. Ubao ukioza hununuliwa mwingine. Mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, na ukitunzwa huwafaa wajukuu.

Mwenye nia na aje ofisini tuhesabu pamoja, kabla hajakata ubao wa kwanza.

Katibu