Gereza la Kilwa: Mlinzi Naye Alindwe

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo la kwanza kukukabili ni ngome iitwayo Gereza. Limesimama ufukweni kabisa, kuta nene za mraba zenye minara pembeni, likitazama maji ambayo vyombo vilipita kuingia bandarini. Kwa uzuri halifui dafu mbele ya Msikiti Mkuu wala jumba la Husuni Kubwa. Lakini ndilo lililopewa kazi ya kutazama, na kuporomoka kwa Kilwa kunasomeka hapo waziwazi kuliko kwingine.

Ngome ya kwanza mahali hapa ilikuwa ya Wareno. Francisco de Almeida aliuteka mji Julai 1505, akaacha askari na ngome iliyoitwa Santiago. Mwaka 1512 walifungasha virago. Walichokuwa wakikitaka ni dhahabu ya Sofala, ile iliyoitajirisha Kilwa hadi Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 akausifu mji huu. Walipoivuruga biashara hiyo kwa mabavu, wenye mali walitafuta njia nyingine, na ngome ikabaki kula bila kuzalisha.

Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji kutoka bara, waliivamia Kilwa. Kwa mujibu wa mtawa wa Kireno João dos Santos, mkazi mmoja wa kisiwani aliwaonyesha njia ya kuvukia maji yakiwa yamekupwa, na watu wapatao 3,000 wakauawa. Adui hakuja na merikebu kutoka baharini, bali alitokea bara kwa miguu. Macho yaliyozoea kuelekea upeo wa bahari hayakuwa na msaada siku ile.

Gereza tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ya mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya mabaki ya Kireno. Tusifiche walichokuwa wakikilinda. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Biashara hiyo iliifufua bandari, na ushuru wake ukawa miongoni mwa mambo yaliyowavuta Waomani kuja kuishika. Ngome hii ilisimama juu ya machozi ya watu wa bara, na atakayewasimulia wageni habari za chokaa na mawe bila kulisema hilo atakuwa amewadanganya.

Kilichoumaliza mji wa Kisiwani ni njia ya biashara. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa haikuwa na sababu ya kuvuka maji. Kilwa Kivinje ilikuwa bara, nayo ikawa mwisho wa safari. Miaka ya 1840 sultani wa mwisho alihamishiwa Maskati. Wajerumani walipokuja walijenga boma Kivinje, na huko ndiko walikomnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kufikia wakati huo Kisiwani hapakuwa na cha kulindwa kwa bunduki.

Linganisha na Fort Jesus ya Mombasa. Nayo ilipoteza kazi yake ya vita, lakini mji haukuihama. Ikawa jela hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Jengo lenye watu ndani huzibwa ufa ungali mdogo. Gereza la Kilwa lilipokosa watu lilikosa fundi, na nyumba ya mawe ya pwani isiyo na fundi haidumu. Kuta zake ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Lipu ikibanduka mvua hupenya, chokaa hulainika, mizizi ya miti hufuata, na jiwe moja likitoka, la juu yake halina pa kukaa. Chini, wimbi hula msingi, na pale mikoko inapokatwa huja na nguvu zake zote. Upande unaoelekea maji umekwisha kupoteza sehemu ya ukuta.

UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, fedha za Ufaransa na Japani zikasaidia ukarabati, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Kazi iliyofanyika ni ya kupongezwa. Bila hiyo huenda leo tungekuwa tunaonyeshwa rundo la mawe. Hata hivyo, wengi waliipokea hatua ya 2014 kana kwamba mgonjwa amepona. Bahari haisomi orodha za UNESCO. Ukarabati wa mradi una tarehe ya mwisho, lakini mawimbi ya kusi na mvua za masika hurudi kila mwaka.

Kwa hiyo wenye dhamana wasingoje tena ukuta uanguke ndipo watafute mfadhili. Mikoko ihesabiwe kuwa sehemu ya jengo na itunzwe kama kuta zinavyotunzwa. Vijana wa Kisiwani wafundishwe uashi wa chokaa na walipwe kuufanya mwaka mzima, kwa maana ndio walio karibu kuuona ufa ukianza. Na fedha ya chokaa itengwe katika bajeti kabla ya fedha ya matangazo ya utalii.