Damu yetu ibaki kwetu: kazi ya munganga Muyembe

Kule Durba, mu eneo la Watsa, wachimbaji wa zahabu walianza kufa mwisho wa mwaka 1998. Mtu anashuka mu shimo la Goroumbwa akiwa muzima, kiisha siku kidogo homa kali, damu, kifo. Ilibidi munganga mkuu wa Watsa naye afe, Aprili 1999, ndipo walipima na kujua: virusi vya Marburg. Wagonjwa 154, waliokufa 128. Ugonjwa ulikwisha wakati maji yalijaza shimo.

Basi, sisi watu wa mashimo tuko na sababu ya kuijua kazi ya wale wanaolinda inchi na magonjwa. Kwetu Kongo inabeba jina moja: Jean-Jacques Muyembe. Alisomea unganga Kinshasa, kiisha virusi kule Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 walimutuma Yambuku. Akatoa damu ya wagonjwa mikono mitupu, bila ganti. Ilikuwa Ebola. Damu ilipimwa Ulaya, na sifa ikabaki kule kwa miaka mingi.

Kikwit, 1995, aliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakuamini. Lakini ni katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndimo walitoa dawa Ebanga, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2020.

Tunaona kazi yake kubwa haikuwa sindano. Mwaka 2019, wakati alipewa kuongoza vita ya Ebola kule mashariki, alikata shauri: damu ya wagonjwa itabaki Kongo. Ile ndiyo siasa ya afya, ndugu. Mwenye kushika damu anajua wa kwanza, na mwenye kujua wa kwanza anaweza kuulizia dawa kwa nguvu.

Na bado inachelewa. Kamituga, mji wa zahabu, mpox ya aina mpya ilionekana Septemba 2023. OMS ilipiga kengele ya dunia tarehe 14 Agosti 2024. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa Septemba 2024. Mwaka muzima!

Mzazi anayeuliza mtoto aanzie wapi: mu masomo ya sekondari ashike sana kemia na biolojia. Kiisha si lazima awe munganga. Laboratwari ya INRB, iliyofunguliwa Goma, inahitaji wapimaji. Hata mwenye kusoma sheria ana nafasi, juu mapatano ya damu na chanjo yanaandikwa na watu wa sheria.