Ngome ya Pontefract na Sanduku la Kura

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa kambi, kaskazini ya Uingereza kuko muji wa soko, jina Pontefract. Unajulikana kwa pipi nyeusi za mzizi mtamu, ule Wafaransa wanaita réglisse. Kila pipi inapigwa muhuri wenye picha ya ngome. Sisi wa sindika tunawaelezea habari ya ngome ile, kwa sababu inatugusa.

Ilianzishwa karibu mwaka 1070 na Ilbert de Lacy, mukubwa aliyekuja na jeshi la Normandie kuteka Uingereza. Ngome ilikaa juu ya mwamba, muji ukakaa chini yake. Mwaka 1322, Thomas wa Lancaster, binamu ya mfalme, alikatwa kichwa pale. Mwaka 1400, mfalme Richard wa Pili, aliyenyang'anywa kiti, alifia ndani yake. Wengi wanasema alinyimwa chakula. Kisha ikaja vita ya mfalme na Bunge. Kati ya 1644 na 1649 ngome ilizingirwa mara tatu, na muji ukaumia sana. Wakaaji wenyewe njo waliomba ibomolewe, na mwaka ule wa 1649 ikabomolewa.

Lakini picha yake ilibaki, na mwaka 1872 ikapata kazi nyingine. Zamani, kule Uingereza, mtu alipiga kura kwa mdomo, mbele ya wote. Mwenye nyumba anasikia, bwana wa kazi anasikia. Ukitaja jina lisilowapendeza, kesho unaweza kukosa kazi ama nyumba. Mwezi wa saba mwaka ule, Bunge likatoa sheria ya kura ya siri. Tarehe 15 mwezi wa nane, Pontefract ikawa ya kwanza kuchagua mbunge kwa njia ile. Sanduku likafungwa kwa nta, na nta ikapigwa muhuri wa kiwanda cha pipi: ngome na bundi. Sanduku lile lingali katika makumbusho ya muji. Ngome iliyotisha wadogo ikalinda siri yao.

Kura haikumaliza shida zote. Wanawake hawakuwa nayo bado. Na mwaka 1893, wenye migodi ya makaa walitaka kukata mshahara kwa robo, wakafungia wachimbaji milango. Tarehe 7 mwezi wa tisa, kule Featherstone, jirani ya Pontefract, basoda wakapiga watu risasi, wawili wakakufa.

Hata hivyo, ile siri ilikuwa mali ya mufanyakazi. Kwetu pia, siku ya kuchagua delege, mutu akisimama nyuma yako kuangalia unaandika jina gani, umwambie aende mbali kwanza. Kura inayoonekana ni kura ya bwana.