Megabiti Pekee Hazitoshi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Intaneti ya Faiba ya Nyumbani

Huduma ya intaneti ya faiba, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ikionekana zaidi katika ofisi, benki na hoteli kubwa, sasa inafikishwa hadi sebuleni katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza na miji mingine nchini. Katika baadhi ya maeneo, mwananchi hujikuta mbele ya watoa huduma wawili au watatu waliopitisha nyaya zao mtaa mmoja, kila mmoja akiwa na tangazo lenye tarakimu kubwa: megabiti 20, 50 au 100 kwa sekunde.

Tarakimu hiyo ndiyo ambayo wateja wengi huitumia kufanya uamuzi. Hata hivyo, hutokea kaya ikahama kutoka kifurushi cha megabiti 20 kwenda cha 50, ikalipa fedha zaidi kila mwezi, na bado sauti ikakatika katikati ya usaili wa kazi unaofanyika kwa njia ya video, au mwanafunzi akamwona mhadhiri wake ameganda kwenye skrini. Sababu ni kwamba tangazo limetaja sifa moja ya huduma, ilhali tatizo la kaya hiyo liko kwenye sifa nyingine.

Kasi na ucheleweshaji

Kasi, kwa maana inayotumika kwenye matangazo, ni kiasi cha data kinachoweza kupita katika sekunde moja. Hupimwa kwa megabiti, na megabiti 8 hufanya megabaiti 1, ambayo ni kipimo cha ukubwa wa faili. Hivyo, huduma ya megabiti 40 kwa sekunde hupakua megabaiti 5 kwa sekunde kwa kiwango chake cha juu, na faili la megabaiti 600 huhitaji dakika 2.

Ucheleweshaji ni muda ambao data hutumia kutoka kwenye kifaa cha mtumiaji hadi kwenye seva na kurejea. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde, na programu nyingi za kupima intaneti huuonesha kwa neno "ping". Kinyume na kasi, hapa tarakimu ndogo ndiyo bora.

Sifa hizi mbili zinaweza kulinganishwa na barabara. Kuipanua barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro kutoka njia mbili hadi sita huruhusu magari mengi zaidi kupita kwa pamoja, lakini hakupunguzi hata kilomita moja ya safari. Vivyo hivyo, kuongeza megabiti hupanua njia ya data bila kuifupisha.

Kiasi kinachoitosha kaya

Filamu yenye ubora wa HD huhitaji takribani megabiti 5 kwa sekunde, na ile ya 4K huhitaji kati ya 15 na 25. Mkutano wa video hutumia takribani megabiti 3 hadi 4. Mchezo wa mtandaoni, tofauti na wengi wanavyodhani, kwa kawaida hutumia chini ya megabiti 1 unapochezwa, lakini huathirika sana na ucheleweshaji.

Kwa hesabu hiyo, kaya ambayo jioni ina mtu mmoja anayetazama filamu ya HD, mwingine aliye kwenye mkutano wa video, kijana anayecheza mchezo na simu mbili zinazoperuzi mitandao ya kijamii, inahitaji takribani megabiti 15. Kifurushi cha 20 au 30 kinaitosha. Endapo mkutano huo unakatika, kulipia megabiti 100 huenda kusiondoe tatizo.

Jambo lingine la kuangalia ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data kutoka nyumbani. Baadhi ya vifurushi vina kasi sawa ya kupakua na kupakia, na vingine hutoa kasi ndogo zaidi ya kupakia. Kwa mwalimu anayefundisha kwa njia ya mtandao, mpigapicha anayetuma kazi kwa wateja au kaya yenye kamera za ulinzi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Njia inayopitwa na data

Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila kilomita 1,000 za umbali huongeza angalau milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi kinachoweza kubadili ukweli huo. Seva iliyopo Johannesburg, takribani kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam, haiwezi kujibu kwa chini ya milisekunde 25. Iliyopo Ulaya, ambako kebo ya baharini husafiri kilomita 10,000 au zaidi, itahitaji angalau 100.

Hapa ndipo watoa huduma wenye tangazo linalofanana huweza kutofautiana sana. Mmoja anaweza kuwa na njia ya moja kwa moja kuelekea kusini mwa Afrika, na mwingine akaipeleka data Ulaya kwanza ndipo ishuke tena Johannesburg. Mteja wa pili atasubiri mara kadhaa zaidi ya wa kwanza, hata kama wote wanalipia megabiti 50.

Hali hiyo huweza kutokea hata kwa mawasiliano ya ndani ya nchi. Kituo cha kubadilishana data cha TIX kilichopo Dar es Salaam kinawawezesha watoa huduma kupeana data hapa hapa nchini. Pale ambapo watoa huduma wawili hawajaunganishwa kwa njia hiyo, ujumbe kutoka Kinondoni kwenda Ilala unaweza kuvuka bahari na kurejea. Aidha, kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, ili maudhui yanayotazamwa sana yasifuatwe mbali. Mtoa huduma mwenye seva hizo huwapa wateja wake huduma iliyo nyepesi zaidi.

Uimara wa njia nao ni sehemu ya ubora. Tarehe 12 Mei, 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na huduma za intaneti zikazorota nchini Tanzania na katika nchi kadhaa za ukanda huu. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mtoa huduma anayetegemea njia moja huwaacha wateja wake bila kimbilio. Kwa upande wa nchi kavu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaiunganisha mikoa na pia nchi jirani, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, hivyo kutoa fursa ya njia mbadala kwa watoa huduma wanaoitumia.

Foleni ya jioni

Katika teknolojia ya GPON, ambayo hutumika sana kufikisha faiba majumbani, uzi mmoja kutoka kwa mtoa huduma hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Uzi huo hubeba takribani megabiti 2,500 kwa sekunde za kupakua na nusu yake za kupakia. Nyumba 32 zikitumia kwa pamoja hadi mwisho wa uwezo, kila moja hubaki na takribani megabiti 78. Zikiwa 64, hubaki na takribani 39. Ni nadra wote kutumia kwa kiwango hicho kwa wakati mmoja, lakini msongamano unaweza pia kutokea mbele zaidi, pale mtoa huduma anapouza uwezo mkubwa kuliko alionunua.

Dalili ya msongamano huo ni huduma kuwa nzuri asubuhi na kuzorota kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kwa sababu hiyo, ushauri wa jirani wa mtaa huo huo anayetumia huduma husika una thamani kuliko bango la barabarani. Inafaa kumwomba apime huduma yake usiku, si mchana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla ya kusaini mkataba, mteja anashauriwa kupata majibu ya maswali yafuatayo, ikiwezekana kwa maandishi:

1. Je, kasi iliyotangazwa ni "hadi" kiwango hicho, na kiwango cha chini kinachotarajiwa usiku ni kipi?
2. Kasi ya kupakia ni ipi?
3. Je, kuna kikomo cha matumizi ambacho kikivukwa kasi hupunguzwa?
4. Mtoa huduma ana njia ngapi za kutoka nje ya nchi, na je, ameunganishwa na kituo cha ndani cha kubadilishana data?
5. Gharama za ufungaji na ruta ni kiasi gani, na kifaa hicho ni mali ya nani mkataba ukivunjwa?
6. Hitilafu ikitokea, mafundi hufika baada ya muda gani, na siku zilizopotea hufidiwa vipi?

Kupima nyumbani

Huduma inapofungwa, kipimo cha kwanza kifanyike kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya. Majibu ya waya yakiwa mazuri na ya Wi-Fi yakawa mabaya, kasoro iko ndani ya nyumba. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta za matofali vizuri zaidi lakini hujaa mawimbi ya majirani. Ya 5 GHz huwa na kasi zaidi ila hufifia haraka. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la runinga kwenye kona ya nyumba inaweza kuipotezea kaya zaidi ya nusu ya huduma inayoilipia. Kuihamishia katikati ya nyumba hakuna gharama.

Kipimo cha pili kifanyike wakati mtu mwingine akipakia au kupakua faili kubwa. Ikiwa ucheleweshaji unapanda kutoka milisekunde 10 hadi mamia, data inapanga foleni ndefu ndani ya vifaa, na hilo ndilo linaloganda kwenye mikutano ya video. Ruta yenye uwezo wa kuratibu foleni hupunguza tatizo hilo bila kuongeza kifurushi. Kwa maeneo yenye katizo la umeme, betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta na kifaa cha kupokea faiba huweza kuendeleza huduma, mradi mitambo ya mtoa huduma nayo ina umeme.

Haki ya mteja

Vipimo hivyo vifanyike kwa siku kadhaa na kuandikwa tarehe, saa na matokeo. Huduma ikipungua mara kwa mara chini ya kile kilichoahidiwa, mteja aanze kwa kuwasilisha malalamiko kwa mtoa huduma na kupewa namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ndiyo msimamizi wa sekta hiyo na ina ofisi za kanda. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lililoundwa kutetea maslahi ya watumiaji.

Malalamiko yanayosema tu kwamba "intaneti ni mbovu" ni rahisi kupuuzwa. Yenye orodha ya vipimo vya usiku 7 vilivyochukuliwa kwa waya ni vigumu kuyapinga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na megabiti zinazolipiwa kila mwezi nazo ni mali.