Tulipanda Ngome ya Patiko

Wengi wetu tumepita Gulu, Uganda, tukija Juba, lakini ni wachache waliowahi kufika Patiko, kaskazini mwa mji ule.

Juu ya mawe makubwa pale, wafanyabiashara kutoka Khartoum walikuwa na kituo cha kukusanya pembe za ndovu na watu. Ndiyo, watu. Mwaka 1872 Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na mtawala wa Misri kukomesha biashara hiyo, aliwashinda akajenga ngome. Handaki bado lipo, na vijumba vya mawe vyenye mlango mdogo, mpaka uiname.

Mama mmoja wa kwetu alikataa kuingia. Alikaa nje na mwanawe. Hatukumuuliza kwa nini.

Kumbe mateka wengi walipelekwa Gondokoro, hapa hapa karibu na Juba, ng'ambo ya mto, wakapakiwa mashuani kwenda Khartoum. Sisi tulikuja kwa basi tukalalamika vumbi. Wao walitembea, miti imefungwa shingoni.

Ukienda, panda bodaboda asubuhi na mapema. Mchana mawe yale yanachoma, na beba maji ya watoto.