Bega Kuganda: Mgonjwa Apimwe Kwanza Kabla ya Kunyooshwa

Maumivu ya bega yanayoanza polepole, yakazidi nyakati za usiku na baadaye kumfanya mtu ashindwe kuvaa shati, kusuka nywele au kushika bomba ndani ya daladala, mara nyingi huelezwa kuwa yametokana na baridi au kulala vibaya. Mgonjwa huchuliwa kwa mafuta, hukandwa kwa maji ya moto, na hali isipobadilika hutafuta mtu wa kumnyoosha. Hatua hiyo ya mwisho, ikichukuliwa kabla ya uchunguzi, inaweza kumletea madhara, kwa kuwa bega lililoganda halifunguliwi kwa nguvu.

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko laini ambacho kwa mtu mwenye afya hulegea vya kutosha kuuruhusu mkono kuzunguka pande zote. Bega linapoganda, kifuko hicho huvimba kwa ndani, hunenepa na kusinyaa, hata kichwa cha mfupa wa mkono kikakosa nafasi ya kuzunguka. Jina la bega kuganda lilienezwa na daktari mpasuaji wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934, na mwaka 1945 daktari mwenzake wa nchi hiyo, Julius Neviaser, alionesha kuwa kiini cha ugumu huo kimo katika kifuko chenyewe.

Tatizo hili huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Makadirio yanayotumika sana katika tiba ni kuwa watu 2 hadi 5 kati ya 100 hulipata maishani. Kwa wenye kisukari, idadi hiyo hupanda hadi 10 au 20 kati ya 100, nao huchelewa zaidi kupona. Sukari inayozidi katika damu kwa muda mrefu hujishikiza kwenye nyuzi za kano na vifuko vya viungo na kuzikakamaza. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye hajawahi kupimwa kisukari na bega lake likaganda bila kuumia anapaswa kupimwa sukari, kwani bega linaweza kuwa ishara ya kwanza ya ugonjwa ambao bado haujajulikana. Kumpunguzia maumivu pekee na kumrudisha nyumbani ni kuliacha jambo kubwa zaidi. Wengine walio katika hatari ni wenye matatizo ya tezi ya shingo, waliopata kiharusi, na waliokaa na mkono umefungwa kwa muda mrefu baada ya kuvunjika au kufanyiwa upasuaji.

Ugonjwa hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni ya maumivu makali, hasa usiku, huku mwendo wa mkono ukipungua. Huweza kudumu miezi 2 hadi 9. Ya pili maumivu hupungua lakini ugumu hubaki kwa miezi 4 hadi 12. Ya tatu bega hulegea taratibu, na huweza kuchukua hadi miaka miwili. Wengi hupata nafuu kubwa, ingawa baadhi hubaki na ugumu kiasi.

Dalili inayoutofautisha ugonjwa huu ni kwamba mkono haugeuki hata unapogeuzwa na mtu mwingine. Mgonjwa hubana kiwiko ubavuni, akakikunja, kisha hujaribu kupeleka kiganja nje. Upande ulioganda hukwama mapema. Aliyechanika kano hushindwa kuinua mkono mwenyewe, lakini mtu mwingine akiuinua kwa kawaida huenda. Hata hivyo, bega lililoteguka kwa nyuma, kama inavyoweza kutokea baada ya kifafa au kupigwa na umeme, nalo hukwama vilevile. Picha ya eksirei hulibaini, na kulivuta bega la namna hiyo kwa kudhani kuwa limeganda ni hatari.

Miongoni mwa tiba ambazo wananchi huziulizia ni kairopraktiki, taaluma iliyoanzishwa na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, Marekani, mwaka 1895. Wataalamu wake hutumia mikono kusukuma na kurekebisha viungo, hususan vya uti wa mgongo. Mlio unaosikika wakati huo hutokana na gesi iliyomo katika ute wa kiungo. Si mfupa unaorudi mahali pake, kama wengi wanavyoamini. Kwa bega lililoganda, mtaalamu makini hufanya kazi kwa utulivu: hulainisha misuli, husogeza bega na sehemu ya juu ya mgongo kidogo kidogo, na humfundisha mgonjwa mazoezi, kazi inayokaribiana sana na ile ya fiziotherapia. Taarifa kuhusu kurekebisha shingo ili kufungua bega zimetokana zaidi na wagonjwa waliofuatiliwa bila kundi la kulinganisha, hivyo ni vigumu kutenganisha nguvu ya tiba na nafuu ambayo ingekuja yenyewe. Kusukuma shingo kwa ghafla pia kuna hatari, japo ni adimu, ya kuchana mshipa wa damu na kusababisha kiharusi.

Suala la nguvu lilichunguzwa nchini Uholanzi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ukihusisha wagonjwa 77. Baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya waliopewa maelezo na mazoezi mepesi yasiyovuka kiwango cha maumivu walikuwa na bega linalofanya kazi vizuri au karibu na kawaida, ikilinganishwa na asilimia 63 ya walionyooshwa kwa nguvu. Wagonjwa hao hawakupangwa kwa bahati nasibu, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2020 na wagonjwa 503, ulilinganisha fiziotherapia pamoja na sindano ya steroidi, kunyooshwa chini ya nusu kaputi, na upasuaji wa tundu dogo. Hakuna njia iliyoonekana kuzishinda nyingine kwa kiasi kikubwa.

Nyumbani, mgonjwa anaweza kuweka kitambaa cha moto begani kwa dakika 10 hadi 15, kisha akainama na kuuacha mkono uning'inie na kuyumba taratibu, au kutambaza vidole ukutani kwenda juu. Maumivu yakiendelea kwa saa nyingi baada ya mazoezi, mazoezi yapunguzwe. Mwenye kisukari anayepewa sindano ya steroidi aeleze hali yake mapema, kwa kuwa sukari huweza kupanda kwa siku kadhaa na kuhitaji kupimwa mara kwa mara.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako sukari hupimwa na rufaa kutolewa kwenda hospitali yenye fiziotherapia, au kwa madaktari bingwa wa mifupa kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Anayechagua mtoa huduma wa tiba mbadala ana haki ya kumwomba cheti cha usajili. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 kwa ajili ya kusimamia huduma hizo. Bega lililokwisha kupona ni nadra kuganda tena, ila kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye kisukari, la upande wa pili hufuata baada ya miaka kadhaa.